Ukurasa wa Kushoto

Kwa miaka arobaini na mitatu Mwalimu Rwamba aliwaandikia watu sala, na kama kuna kazi yenye shukrani haba kuliko hiyo katika Embu nzima, bado haijapatikana.

Alianza mwaka 1968, akiwa mwalimu wa darasa la pili karibu na Runyenjes. Jioni moja mwanamke alimkuta akifuta ubao, akamwambia kwamba amesali mpaka maneno yamemwisha, je, Mwalimu hawezi kumkopesha mengine? Rwamba hakuwa mke wa kasisi wala mhubiri. Alikuwa na mwandiko mzuri, basi. Alimsikiliza, akamwandikia mistari tisa kwenye karatasi, yule mama akaikunja mara nne na kuichomeka ndani ya kitambaa cha kichwa. Juma lililofuata wakaja watatu.

Tangu hapo hawakukoma. Aliandika sala ya kuomba mvua na sala ya kuomba mvua ipunguze. Aliandika sala ya kahawa iliyoshikwa na ugonjwa, sala ya mwana aliyekwenda mjini akanyamaza, na sala ya kumvumilia mama mkwe, ambayo ndiyo iliyotafutwa kuliko zote. Aliwaandikia hata wachuuzi wa miraa wa Kangeta sala yao. Kasisi aliikataa, lakini wachuuzi hawakuwa wamemwuliza kasisi. Vijitabu vyake vitatu vya jalada la kijani viliuzwa milangoni mwa makanisa kutoka Embu mjini hadi Meru. Kitabu chenyewe hasa, kile kikubwa alichokitolea maisha, kilikuwa bado kwenye madaftari thelathini na moja, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda.

Sasa, ni lazima ieleweke alivyofanya kazi, maana balaa lote lilitoka hapo. Daftari likifunguliwa lina kurasa mbili zinazotazamana. Kulia aliandika sala, kisha akainakili kwenye karatasi ya mwenyewe aende nayo. Kushoto aliandika shida: jina la mtu, alichosema, na jinsi alivyokisema. Hakuandika tarehe, kwa kuwa aliona Mungu hana haja ya kuambiwa leo ni lini. Wenye shida hawakujua habari za ukurasa wa kushoto. Walimwona anaandika wakadhani ni sala tu, naye hakuwasahihisha. Aliwaahidi kwamba atakayoyasikia yataishia kwake, na aliamini kabisa kwamba anatimiza ahadi, kwa sababu yeye aliandika ili asahau. Akishatua mzigo wa mtu kwenye karatasi hakuusoma tena. Kichwa kilibaki chepesi, na siku ya soko aliweza kumsalimia mtu yule yule bila macho yake kusema lolote. Sala zote alizijua kwa moyo. Shida alizifukuza, nazo zilimwondokea.

Macho yalipoanza kuingia ukungu, akaanza kuogopa kufa na sanduku lake chini ya kitanda. Ndipo Ireri alipojitokeza.

Ireri alikuwa mwanafunzi wake. Alifiwa na mama akiwa mdogo, na kila Jumapili alasiri alikuja kwa Mwalimu kunywa uji na kujifunza kuomba. Mwalimu alimfundisha kutulia kabla ya kutaja jina la mtu. Alimfundisha kutompigia Mungu kelele, maana Mungu si kiziwi. Rwamba hakuzaa, na ingawa hakulisema, moyoni alishamhesabu Ireri kuwa wake. Sasa Ireri alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, mhubiri mdogo asiye na kanisa, mwenye suti moja safi.

"Mwalimu, nipe hayo madaftari nikuchapishie," alimwambia. "Niko na rafiki, Kithinji, ana kompyuta pale Makutano, Meru. Miezi michache tu, tunatoa kitabu kikubwa, jina lako mbele."

"Utachapa kurasa za kulia. Za kushoto usiziguse, Ireri. Hata usizisome."

"Siwezi, Mwalimu. Wewe si unanijua?"

Alimjua, ndiyo. Akamkabidhi sanduku, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Lilirudi baada ya miezi mitano, limepanguswa vumbi na kufungwa kufuli jipya. Kitabu, Ireri alisema, kinakuja. Kilichotangulia kuja ni sifa. Ilisikika kwamba Ireri amefunguliwa macho kule Makutano, kwamba anamwita mtu kwa jina katikati ya umati na kumtajia jambo alilolificha miaka ishirini. Mtu anaanguka, analia, anainuka mzima. Alipokwenda Kangeta soko lilisimama. Mwalimu Rwamba alizisikia habari hizo akatabasamu. Alijisemea kwamba yule aliyemnywesha uji sasa anawalisha wengine, na hakujiuliza ni chakula cha nani.

Agosti ya mwaka 2011 nabii akarudi nyumbani kwa mkutano wa siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, kwenye uwanja wa Runyenjes. Vipaza sauti vilifungwa juu ya miti. Mwalimu Rwamba alipewa kiti cha plastiki mstari wa mbele, na Ireri akamtambulisha mbele ya wote. "Huyu ndiye mama yangu wa kiroho. Kila kitu nilichonacho nimetoa kwake." Watu wakapiga makofi. Hakudanganya hata neno moja, na hilo Mwalimu alikuja kulitafuna baadaye.

Kisha Ireri akafumba macho na kuinua mkono. "Kuna mama hapa aliyeficha barua ya mumewe chini ya gunia la kahawa, na panya wakaisoma kabla yake!"

Watu wakacheka, na mwanamke mmoja nyuma akapiga yowe. Rwamba naye alicheka kidogo, kwa kuwa ni maneno ya kuchekesha, panya kusoma barua. Halafu kicheko kikamkwama. Panya wale alikuwa amewaandika yeye. Mwenye shida alisema tu kwamba barua ililiwa na panya. Kwamba waliisoma ni utani wa Rwamba mwenyewe, alioutia kwenye ukurasa wa kushoto miaka mingi iliyopita kwa kuwa siku ile ilikuwa nzito naye alitaka kujichekesha.

Alijaribu kujiambia kwamba imetokea tu. Lakini nabii akaendelea, na kila alichokisema kilikuwa na mshono wa Rwamba, naye akawa kama mtu anayeona nguo zake zimeanikwa kwenye ua wa jirani. Ireri alitulia kabla ya kutaja jina, kama alivyofundishwa.

"Wambeti," alisema Ireri. "Wambeti wa nyumba ya Njue."

Kwenye kwaya alisimama msichana wa miaka ishirini na minne, mwalimu wa watoto wa chekechea, anatabasamu kwa kudhani anabarikiwa. Wiki mbili baadaye alikuwa apelekewe mahari na kijana wa Meru aitwaye Thuranira, na shangazi zake Thuranira walikuwa wamekuja mkutanoni makusudi kumtazama msichana akiwa kwao.

"Wambeti, kuna mtoto. Ulimfunga kwa shuka lenye pindo jekundu, ukamwacha mlangoni kwa masista. Ulihesabu hatua arobaini, na ukageuka mara moja tu. Mungu anasema leo, tubu."

"Mimi?" alisema Wambeti. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini maikrofoni ya kwaya iliichukua ikaifikisha mpaka sokoni. "Mimi sina mtoto. Baba, mimi sina mtoto!"

Njue, baba yake, mkulima wa kahawa asiye na maneno mengi, alisimama akiwa na kofia mkononi, asijue amkimbilie nani. Shangazi mkubwa wa Thuranira, Karwirwa, alichukua mkoba wake, akapangusa gauni mahali alipokuwa amekalia, akaondoka. Wenzake wakamfuata. Hakuna aliyewaaga.

Mwalimu Rwamba alifika nyumbani bila kukumbuka njia aliyopita. Alilivuta sanduku, akatoa daftari la kwanza kabisa, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, akalisogeza dirishani kwenye mwanga. Ukurasa wa kwanza wa kushoto. *Wambeti, wa nyumba ya Njiru. Anasema kabla ya kuolewa alizaa kambini mtoto asiyemtaka, halafu akamtaka. Alimfunga shuka lenye pindo jekundu.* Maandishi yaliendelea hadi chini kabisa ya karatasi. Rwamba alifunga daftari. Alikwisha kujua, na haya ilimzuia kusoma zaidi.

Wambeti huyu alikuwa mke wa Njiru, mama yake Njue, na kambi ile ilikuwa ya dharura, wakati Waingereza walipopigana na Mau Mau. Yule wa kitambaa cha kichwa, aliyetaka kukopeshwa maneno. Alikufa mwaka 2002 na Mwalimu alihudhuria mazishi. Na msichana anaitwa Wambeti kwa sababu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Ndivyo majina yanavyozunguka huku, na kila nyumba ina mtu anayetembea na jina la aliye kaburini. Ireri alilijua hilo tangu utotoni. Lakini kurasa hazikuwa na tarehe, na mwenye haraka ya kuona maono hana muda wa kuuliza ni Wambeti yupi.

Asubuhi ya Jumamosi alimfuata Ireri kwenye hema lake nyuma ya jukwaa. Alimkuta anakunywa chai, na juu ya meza kompyuta ndogo iko wazi.

"Ulizisoma," alisema Rwamba.

Ireri hakujifanya haelewi. Walau hapo alikuwa bado mwanafunzi wake. "Keti, Mwalimu."

"Ulizisoma za kushoto. Nilikupa kitu kimoja tu usikiguse."

"Mwalimu, wacha nikwambie ukweli. Za kulia zilikuwa nzuri, lakini za kushoto ndizo zilikuwa na watu. Sasa wewe umekaa nazo chini ya kitanda miaka arobaini. Nani alipona? Mimi nimesema miezi mitatu tu, na watu wanainuka. Si umewaona kwa macho yako?"

"Nimemwona Wambeti. Yule mtoto hana hatia. Ni nyanya yake, Ireri! Umemvisha msichana dhambi ya marehemu."

Kikombe kilitua mezani. Uso wa Ireri ulibadilika mara moja, kisha ukarudi ulivyokuwa. "Hiyo ni sorry," alisema polepole. "Hiyo nilikosea."

"Basi kesho useme hivyo. Panda pale juu useme ulikosea."

"Nabii hakosei, Mwalimu. Akikosea mara moja, hata wale waliopona wataugua tena." Aliinuka akamsogezea kiti, kwa adabu ile ile ya siku zote, na adabu hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. "Na wewe pia ufikirie. Ukisema nilisoma, watauliza nani aliandika. Uliwaahidi utanyamaza. Watajua mambo yao yote yako kwenye sanduku la bati. Hata mimi nakuhurumia."

Alimtazama mtu huyu aliyekunywa uji wake. Alitafuta mahali alipomkosea akapakosa, na akaondoka bila kwaheri.

Jumapili uwanja ulijaa mpaka barabarani. Wambeti hakuwa kwenye kwaya. Ilisemekana amejifungia, hali chakula, na kwamba Thuranira amezima simu. Njue alikuwepo, peke yake, amesimama nyuma kabisa kama mtu anayengoja hukumu ya mahakama. Rwamba alimwona, akajua kwamba akikaa kimya atabaki Mwalimu mpaka kufa, na yule msichana atabaki mwenye kutupa mtoto mpaka kufa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa. Aliinuka akapanda jukwaani, na kwa kuwa ni mama wa kiroho wa nabii hakuna aliyemzuia. Walimpa maikrofoni wakifikiri atatoa ushuhuda.

"Maneno mliyoyasikia Ijumaa si ya Roho," alisema. "Ni yangu. Niliyaandika kwenye daftari. Nyote mlionijia na shida, niliziandika, upande wa kushoto. Niliwaahidi siri, na siri nilizitunza kwenye karatasi, na karatasi nikampa huyu. Hapo nimewakosea, mnisamehe. Lakini yule msichana hana mtoto. Ukurasa ule niliandika mwaka wa sitini na nane. Wambeti alikuwa hajazaliwa. Baba yake alikuwa bado anachunga mbuzi."

Hakumtaja Wambeti yule mwingine, na alikuwa ameapa kutomtaja. Hapakuwa na haja. Uwanja mzima ulikuwa wa watu wanaojua mtoto hupewa jina la nani, na aliwaona wakihesabu, mmoja baada ya mwingine, kutoka kwa msichana kwenda kwa baba, kutoka kwa baba kwenda kwa mama yake, kisha vichwa vikageuka nyuma kumtazama Njue. Njue alivaa kofia yake.

Ireri alishika maikrofoni yake. Alitulia kidogo, vizuri sana.

"Bwana asifiwe! Mmesikia? Roho alisema Wambeti wa nyumba ya Njue. Je, Roho alisema yupi? Dhambi ilikuwa kwenye nyumba ile, imefichwa tangu dharura, na leo imetoka! Na huyu mama, mnayemwita Mwalimu, amekiri kwa kinywa chake: dhambi zenu amezifungia kwenye sanduku miaka arobaini. Nyinyi mnaugua, yeye amezikalia. Mimi nimezifungua tu."

Makofi yalianzia mbele. Rwamba alingoja yaishe. Alidhani watu wanampigia Ireri makofi kwanza halafu watafikiri, lakini waliendelea kupiga. Mwanamke aliyewahi kuandikiwa naye sala nne, nne nzima, alimtazama kama mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi. Aliteremka jukwaani akishikilia ukingo, na kile kiti chake cha plastiki kilikuwa kimekwisha kukaliwa na mtu mwingine.

Jumatatu walianza kurudisha. Hawakubisha hodi. Walizichomeka karatasi zao kwenye ua wa langoni, zile zilizokunjwa mara nne, zenye harufu ya moshi na ya Biblia, na kufikia adhuhuri ua ulikuwa umejaa mwandiko wake. Hakuna kilichomuuma maishani kama kuona jinsi zilivyochakaa. Walikuwa wamezitumia kwelikweli.

Alasiri hiyo akaamua kuchoma madaftari, asije akayasoma mwingine. Alikusudia kung'oa kurasa za kushoto tu na kubakiza sala. Alifungua la kwanza, akaishika karatasi, akaigeuza, akaona jambo ambalo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuwa na sababu ya kulifikiria. Nyuma ya kila sala palikuwa na shida ya mtu aliyefuata. Ilikuwa karatasi moja. Hakuna namna ya kuchoma siri ya mtu bila kuchoma sala ya mwenzake. Alikaa na daftari mapajani mpaka uji ukachemka na kumwagikia mafiga. Kisha akaanza kutia motoni, moja moja, yote thelathini na moja, naye alikuwa akilia kwa sauti kama mtoto.

Jumatano Njue akaja. Huyu alibisha hodi. Alikataa kiti, akasimama mlangoni mwa jikoni na kofia mkononi.

"Mwalimu, mama yangu alikuamini."

"Aliniamini."

"Msichana wangu umemsafisha. Thuranira alikuja jana na shangazi yake, wakaomba msamaha. Hilo nimeshukuru. Lakini mama yangu umemvua nguo mbele ya soko, na amelala, hawezi kujifunika."

"Najua, Njue."

"Sikukuja kukutukana." Aliigeuza kofia mkononi. "Niko na miaka hamsini na nne. Siku zote nimejua mimi ndiye wa kwanza kwa mama. Sasa nasikia kuna mwingine mbele yangu. Pengine yuko hai. Nataka kujua ni mvulana au ni msichana. Hao masista walikuwa wa wapi? Mama alimpa jina? Kama ni jina la kwetu, naweza kuuliza uliza."

Rwamba alishika ukingo wa meza. "Sijui. Yaliandikwa yote, ukurasa mzima. Alinieleza, nikaandika, nikasahau. Ijumaa nilisoma mistari ya juu tu."

"Sawa. Basi tusome ya chini."

Rwamba alielekeza mkono kwenye mafiga, kwenye jivu jingi kupita kiasi kwa nyumba ya mtu mmoja. Njue aliliinamia.

"Yote?"

"Yote. Sala yake ninaijua, Njue. Hiyo sijaisahau. Nikusomee?"

"Naijua hata mimi," alisema Njue. Alitoa kwenye mfuko wa shati karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nilitoa kwenye Biblia yake tulipomzika. *Mtunze niliyemwacha njiani, umfikishe kabla yangu.* Mimi nimeiomba miaka tisa, kila asubuhi. Nilidhani aliniombea mimi." Aliiweka juu ya meza, akaisawazisha kwa kidole, akavaa kofia.

"Unakwenda wapi?"

"Makutano. Ireri alirudi jana. Si yale maandishi yamebaki kwenye kompyuta yake?"

"Njue, nakuomba. Usiende kwa yule mtu."

"Nani mwingine anajua, Mwalimu?" aliuliza, na hakuuliza kwa hasira. Alingoja kweli, kama mtu anayetaka kuelekezwa njia. Kisha aliinamisha kichwa kumuaga, akashuka kuelekea barabarani.

Jumapili walisema ameonekana kule, kwenye foleni ya nabii, ameshika kofia kwa mikono miwili.